Nionyeshe risiti kabla ya kunionyesha mita

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu ushauri uliochapishwa wiki mbili zilizopita, ambapo msomaji wa Kakamega aliyeuliza iwapo anunue gari la shemeji yake, Corolla iliyotembea kilomita 238,000, alijibiwa kwa mistari mitatu kwamba gari lolote lililopita kilomita 150,000 ni mzigo, na kwamba ni heri asubiri apate pesa za kuagiza lingine kutoka Japani. Nimelisoma jibu hilo mara mbili nikitafuta sababu yake, sikuiona. Gari ninaloendesha mimi lina kilomita 352,000 na ushei, na asubuhi ya leo limenifikisha mjini Nakuru kutoka Njoro bila kunung'unika. Ningenyamaza kama ushauri ule ungekuwa mkali tu, lakini naona unawasukuma watu wenye pesa kidogo katika mtego ambao mimi mwenyewe niliwahi kuuingia.

Mwaka 2011, nikiwa na mkopo wa chama cha akiba na hamu kubwa kuliko akili, niliingia katika yadi moja ya magari hapa Nakuru, ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa saluni nyeupe iliyokuwa na kilomita 84,000 kwenye mita. Nambari hiyo ilinifurahisha mno hata nikaacha kutazama vingine. Mpira wa pedeli ya breki ulikuwa umelika upande mmoja mpaka chuma kikaonekana, kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea kama kochi la sebuleni, na usukani ulikuwa umelainika ukang'aa kama mpini wa jembe la miaka mingi. Yote hayo niliyaona, nikayapuuza, nikalipa. Miezi mitano baadaye, fundi aliyekuwa akibadilisha betri alifuta vumbi kwenye ukingo wa chuma chini ya boneti akakuta kibandiko kidogo cha sevisi kilichoandikwa Kijapani. Maandishi hatukuyajua, lakini tarakimu hazina kabila: tarehe ilikuwa ya mwaka wa 20 kwa hesabu ya enzi ya Heisei, yaani 2008, na kando yake kilomita 161,300. Gari lilikuwa limetembea kilomita laki moja na sitini elfu mwaka 2008, na miaka mitatu baadaye likauzwa kwangu likiwa na elfu themanini na nne. Nilifundisha hisabati kwa miaka 31 na sijawahi kuona hesabu ikirudi nyuma kwa namna ile.

Nambari ya kilomita ndiyo sehemu ya gari iliyo rahisi kuliko zote kubadilishwa. Zamani, mita ilipokuwa ya vigurudumu vyenye tarakimu, dashibodi ilifunguliwa vigurudumu vikazungushwa kwa mkono. Siku hizi mita za kidijitali hurekebishwa kwa kompyuta katika muda wa kunywa kikombe cha chai. Pedeli, kiti, usukani na mkanda wa usalama uliochakaa kingo hugharimu pesa kuvifanya vipya, na ndiyo maana huachwa vikisema ukweli. Kwa hiyo, anayemwambia mnunuzi apime gari kwa nambari ya mita peke yake anamfanyia kazi broka, kwa sababu broka akishajua kwamba wanunuzi wote wanaogopa 150,000, hatauza tena gari lenye 151,000. Atauza lenye 98,000, na litakuwa gari lile lile.

Kuhusu kusubiri na kuagiza, mshauri wako angefanya vyema kuweka hesabu mezani. Kanuni zetu haziruhusu gari lililotumika kuingia nchini likiwa limepita miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, hivyo lililoingia mwaka 2025 lilipaswa kuwa la 2018 au baadaye. Ushuru wa forodha wa magari, uliokuwa asilimia 25, ulipandishwa hadi asilimia 35 mwaka 2023, na hapo hujaongeza ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za bandarini. Muuguzi wa Kakamega au mama mwenye duka karibu na soko la Kibuye, Kisumu, akimaliza kujumlisha ataona kwamba gari la aina hiyo si lake kwa miaka mingi ijayo, na wakati huo wote mahindi yake, watoto wake na wagonjwa wake wanahitaji usafiri. Magari tunayouziana sisi kwa sisi ni yenye nambari za zamani za KAZ, KBH, KCA, yaliyokwisha kupita katika mikono miwili au mitatu. Hayo ndiyo yanayohitaji ushauri, kwa sababu hayo ndiyo tunayonunua.

Isitoshe, kilomita zenyewe hazilingani. Gari ambalo kila wiki limekwenda Kisumu kutoka Nakuru na kurudi, karibu kilomita 180 kwa kila safari, injini ikiwa imepata joto lake na gia ikiwa imetulia, hukusanya kilomita nyingi kwa uchakavu mdogo. Gari linalowashwa asubuhi likiwa baridi, likapeleka watoto shuleni kilomita tatu, likazimwa, likawashwa tena saa kumi, huonyesha mita nzuri lakini oili yake haipati kamwe joto la kutosha kukausha unyevu uliomo, na breki na klachi yake hufanya kazi kila mita mia. Na lile lililobeba abiria wanane na magunia mawili kupanda mlima wa Nandi kila siku, hata liwe na kilomita 90,000 za kweli, mimi silitaki. Ila mita haisemi lipi ni lipi, na mwenye gari naye hawezi kuaminiwa kwa maneno matupu, hata akiwa shemeji.

Kinachosema ni karatasi. Gari nililo nalo sasa ni Corolla aina ya NZE ya mwaka 2003, iliyosajiliwa hapa kwetu mwaka 2010 kwa herufi KBL, nami nililinunua mwaka 2015 kutoka kwa karani mstaafu wa Kisumu likiwa na kilomita 196,000. Kwa simu nilimwomba jambo moja tu, kwamba asiliwashe siku hiyo kabla sijafika. Nilishuka Kisumu mapema, na kitu cha kwanza nilichofanya baada ya kumwamkia mzee ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Laiti ningeikuta na joto ningeanza kujiuliza anaficha nini, kwa kuwa injini iliyochoka husema ukweli wake katika sekunde za kwanza za kuwashwa, na ikishapata moto hujifanya nzima.

Nilichomoa kijiti cha oili, nikakipangusa, nikakirudisha na kukichomoa tena: oili ilikuwa ya hudhurungi, katikati ya alama mbili. Nikafungua kifuniko cha radieta, jambo ambalo halifanywi kamwe injini ikiwa moto, nikaona maji ya kijani yasiyo na kutu wala mafuta yanayoelea. Nikapitisha kidole ndani ya kifuniko cha kujazia oili nikitafuta ute mweupe unaofanana na maziwa ya mgando, ambao katika gari linalokwenda safari ndefu ni dalili mbaya kwamba maji na oili vimekutana mahali visipopaswa kukutana. Haukuwepo. Kisha mzee akawasha. Moshi wa samawati ukatoka mara moja, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi, ukaisha. Mzee akanitazama.

"Hili linakunywa oili kidogo, mwalimu," akasema kabla sijauliza. "Nusu lita kati ya sevisi na sevisi. Imeandikwa humo."

Humo palikuwa ni katoni ya biskuti aliyokuwa ameiweka kwenye kiti cha nyuma, na ndani yake risiti za miaka mitano, za kila mwaka zimefungwa kwa raba, na juu ya kila risiti kilomita za siku ile zimeandikwa kwa kalamu nyekundu. Nilikaa kwenye veranda yake kwa saa nzima nikizisoma. Oili ilikuwa imebadilishwa kila baada ya kilomita elfu tano hivi. Mara moja tu alichelewa hadi elfu saba, na pembeni alikuwa ameandika "matanga, Siaya". Kilomita za risiti ya karakana moja ya Kisumu zilifuatana na za risiti ya tairi kutoka duka jingine, na za duka hilo zikafuatana na za karakana ya tatu huko Kericho alikoharibikiwa na altaneta, ile mashine inayochaji betri. Mtu mmoja anaweza kughushi risiti moja, lakini kughushi risiti za watu watano wasiojuana, zenye grisi na vidole vya watu mbalimbali, ni kazi ngumu kuliko kutunza gari lenyewe. Aliomba 540,000, tukapatana kwa 505,000, na nilipokuwa nikipanda Kericho kurudi nyumbani, nikitazama mshale wa joto kuliko nilivyotazama majani ya chai, haukusogea.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali inayopotea upesi kuliko nyingi. Tangu siku ile ninatunza daftari la kurasa 96, lile la miraba la hisabati, na kila lita ya petroli, kila plagi na kila bushi imo. Wanangu hulicheka. Lakini daftari hilo ndilo lililonionyesha kosa ambalo masikio na macho yangu hayakuliona, na hapa ninaomba uvumilivu wako, Mhariri, kwa kuwa jambo hili linawahusu wengi wanaopanda na kushuka milima yetu.

Mwaka 2017 nilikuwa nikienda Vihiga kwa njia ya Eldoret na Kapsabet, na tulipokaribia Timboroa mshale wa joto ukapanda hadi karibu na alama nyekundu. Fundi wa kando ya barabara, kijana mpole na mwepesi wa mikono, alitoa themostati akaitupa kwenye kopo. "Hii ni ya nchi za barafu, mzee," aliniambia, "huku kwetu inasumbua tu." Akajaza maji ya mtungi, nikamlipa, mshale ukashuka mpaka chini kabisa na ukabaki huko, nami nikamwombea baraka. Miezi minne baadaye, nikijumlisha daftari, nikaona kwamba gari lililokuwa likienda kilomita 13.8 kwa lita moja sasa lilikuwa likienda 11.9, bila mzigo kuongezeka wala njia kubadilika.

Fundi wangu wa Nakuru, mtu wa maneno machache, ndiye aliyenieleza. Themostati ya injini hii hukaa imefungwa mpaka maji yafike nyuzi 82 hivi, kisha hufunguka na kuyaruhusu yapite kwenye radieta. Ikiondolewa, maji hupita muda wote, injini haifiki joto lake, na kompyuta yake, ikidhani kwamba bado ni asubuhi, huendelea kuimwagia petroli ya ziada. Petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, na ringi huchakaa. Basi tatizo la Timboroa lilikuwa nini? Aliokota kifuniko cha radieta akanionyesha mpira wake, mgumu, umepasuka kama kisigino. Katika usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hapa Nakuru, karibu mita 1,850 juu, huchemka kwenye 94 hivi, na Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kwenye 91 tu. Kifuniko kizima, chenye chapa ya 0.9 au 1.1, yaani kipimo cha mgandamizo wake, huyabana maji hayo yasichemke mpaka yapite nyuzi 110. Kikishindwa kubana, injini ambayo haina ugonjwa wowote itachemsha maji mlimani. Kifuniko kipya kilinigharimu shilingi 800. Themostati nilirudishiwa mpya, maji ya mtungi yakamwagwa, likawekwa dawa ya radieta iliyochanganywa kwa kipimo, na kufikia mwezi uliofuata daftari lilikuwa limerudi kwenye 13.6.

Nimesimulia hayo kirefu kwa sababu magari mengi yanayoitwa mizigo katika sehemu zetu yaliuawa kwa njia hiyo hiyo: kilomita hazikuwa na hatia, ila maji ya mtoni yenye kutu yaliziba radieta, injini ikachemka mara tatu, gasketi ya kichwa cha silinda, inayotenganisha maji na oili, ikaungua, na mwenyewe akauza upesi kabla moshi mweupe haujaonekana. Anayenunua gari la zamani na afungue kifuniko cha radieta kabla ya kufungua mlango.

Yako mengine nitakayoyapitia haraka. Mkanda wa taimingi, kwa injini zinazoutumia, Subaru nyingi za miaka ya nyuma zikiwemo, hubadilishwa karibu na kilomita 100,000, na muuzaji asiye na karatasi ya kuthibitisha ahesabiwe kwamba hakuubadilisha, maana ukikatika katika injini hizo vali hugonga pistoni na gharama hukaribia bei ya injini nyingine. NZE yangu hutumia mnyororo, ambao hudumu mradi oili ibadilishwe kwa wakati. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na yakikaa miaka mingi bila kubadilishwa huweza kuchemka katika mteremko mrefu. Mtu anayeshuka kutoka Sachangwan hadi Salgaa, mahali ambapo sote tunajua ajali zilizotokea, asingoje kujifunza hilo pale, na ashuke kwa gia ndogo badala ya kuegemea pedeli. Tairi lina tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka: 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017, na mpira huo umezeeka hata kama miiba yake bado ni mirefu.

Gia ya otomatiki ina imani yake potofu, nayo ni kwamba ukibadilisha mafuta yake katika gari la zamani, gia hufa. Wanaosema hivyo huwa wamebadilisha mafuta baada ya gia kuanza kuteleza, na gia hiyo ilikuwa imekufa tayari. Mafuta mapya yalikuja kwenye mazishi. Mimi nilibadilisha ya gari langu likiwa linafanya kazi vizuri, kwa aina ile ile ya T-IV inayotakiwa, na kwa kuwa ukifungua nati ya chini hutoka chini ya nusu ya mafuta yote, nilirudia mara tatu, kila mara baada ya wiki chache. Limeendelea kubadilisha gia bila kushtua mtu.

Sitadanganya kwamba gari la namna hii ni la bure. Mwaka 2024 nilitumia shilingi 63,750 kwa matengenezo, kando ya petroli, bima na tairi: sevisi tatu kwa 18,600, bushi na boljointi za mbele 17,400, radieta 14,500, altaneta 8,450, na pedi za breki 4,800. Ni shilingi 5,312 na senti 50 kwa mwezi. Siku nne gari lililala kwa fundi nami nikapanda matatu. Kampuni nyingi za bima husita kulipatia gari la umri huu bima kamili, hivyo nina ile ya mtu wa tatu, na likiibwa nitakuwa nimeibiwa mimi peke yangu. Spea nazo ni somo la pekee: altaneta iliyotumika, iliyotolewa kwenye gari la Japani, naichukua kabla ya ile mpya ya bei ya kutupa iliyowekwa kwenye kijisanduku kinachong'aa, lakini pedi za breki zilizotumika siwezi kuzigusa. Mtu asiyekuwa na kiasi kama hicho cha kutenga kila mwezi asinunue gari lililotembea sana, na mshauri wako angesema hivyo ningemuunga mkono.

Ombi langu ni kwa pande mbili. Kwanza kwa mafundi wetu, wale wa karakana kubwa na wale wa jua kali wanaofanya kazi chini ya miti: kila risiti na iandikwe tarehe na kilomita za gari, hata kama ni risiti ya plagi moja iliyoandikwa juu ya karatasi ya kufungia sukari. Haiwagharimu chochote, na baada ya miaka mitano vipande hivyo vina thamani kuliko rangi mpya. Pili kwa wanaosimamia usajili wa magari: ningependa kuona kilomita zikiandikwa kila gari linapobadilisha mwenyewe na kila linapokaguliwa, na mnunuzi anayetafuta rekodi za gari azione hapo hapo pamoja na jina la mmiliki. Mita iliyorudishwa nyuma ingejianika siku ya kwanza.

Nikirudi kwa msomaji wa Kakamega, aliyeanzisha haya yote. Namshauri aende kwa shemeji yake asubuhi, gari likiwa halijawashwa. Aanze na hati: jina lililo kwenye kitabu cha gari liwe la shemeji mwenyewe, bila jina la benki kando yake, na nambari ya chasi iliyopigwa kwenye chuma ilingane na ya kitabuni, kisha wakikubaliana wabadilishe umiliki mara moja, kwani Sheria ya Trafiki inatoa siku 14 tu na undugu huharibika kwa faini za mtu mwingine. Baada ya hapo aombe risiti. Zikiwepo, na kilomita zake zikipanda kwa mpangilio hadi 238,000, basi nambari hiyo isimtishe, na bei ya haki ailipe bila kumnyanyasa mtu aliyetunza mali yake. Zisipokuwepo, ajiwekee hesabu kana kwamba hakuna kilichowahi kubadilishwa, yaani oili zote, maji, mikanda, plagi, breki, na kwa bei za hapa Nakuru mimi ningetenga shilingi elfu hamsini hadi sitini, aziondoe kwenye bei anayoombwa kabla ya kutaja yake. Shemeji akisema kwamba gari halina shida yoyote na risiti ni mambo ya wazungu, amshukuru kwa chai, na apande matatu arudi nyumbani.

Mwalimu mstaafu,
Njoro, Nakuru